Saini za wakongwe: kadi ambazo Mpanda haijazichapa

Mkulima wa tumbaku wa Mishamo, mkoani Katavi, anapofunga robota lake la mwisho na kulipeleka kwenye ghala la chama cha msingi, hana sababu ya kufikiri kwamba jani lile alilolilea tangu kitaluni lina undugu na mchezo wa besiboli. Undugu upo, tena wa zaidi ya karne. Miaka ya 1880 kampuni za sigara za Marekani zilitia kipande cha karatasi ngumu ndani ya kila pakiti, kwa kuwa pakiti za wakati ule zilikuwa laini na sigara zilivunjika njiani. Baadaye wenye kampuni wakaona karatasi tupu ni nafasi inayopotea, wakaichapa picha za waigizaji, mabondia, wanyama na wachezaji wa besiboli. Baba akavuta sigara, mtoto akabaki na kadi. Huo ndio mwanzo wa desturi ya kukusanya kadi za wachezaji, ambayo leo ina maduka yake, minada yake na wazee wenye makabati yaliyojaa.

Kadi maarufu kuliko zote ni ya Honus Wagner wa Pittsburgh Pirates. American Tobacco Company ilimwingiza kwenye toleo lake la kati ya 1909 na 1911, lakini mwenyewe akakataa na uchapaji ukasimamishwa. Wengi husema hakutaka watoto wanunue sigara kwa ajili ya sura yake. Wapo wanaosema hakuridhika na malipo. Kwa vyovyote, kadi zake zinazojulikana kubaki duniani ni kama 60 tu, na mwezi Agosti 2022 moja iliuzwa kwa dola milioni 7.25. Mwezi huohuo kadi ya Mickey Mantle ya mwaka 1952 ikauzwa dola milioni 12.6.

Fedha hizo ni za matajiri na minada yao. Mimi nimevutwa na watu wa kawaida kabisa, wasioweza kununua hata ukingo wa kadi ya Wagner, ambao wamejenga makusanyo ya maelfu ya saini kwa njia ya posta. Mtu ananunua kadi ya mchezaji aliyestaafu miaka 30 au 40 iliyopita, kadi ya bei ya chini ambayo hakuna anayeigombea. Anaandika barua fupi kwa mkono, anaeleza alimwona wapi akicheza au baba yake alimsimulia nini, anaweka kadi ndani pamoja na bahasha ya pili yenye anwani yake mwenyewe na stempu tayari. Kisha anasubiri. Majibu huja baada ya wiki mbili, baada ya miezi sita, pengine baada ya miaka. Na wanaojibu zaidi ni wastaafu. Kijana aliye kileleni hupata magunia ya barua na hana nafasi hata ya kuyafungua. Mzee ambaye jina lake halitajwi tena redioni akipata barua moja, huketi mezani, huisoma mara mbili, hutafuta kalamu.

Harmon Killebrew wa Minnesota Twins, aliyemaliza na mipigo 573 ya kuvuka uzio na kufariki mwaka 2011, alikuwa na msimamo kuhusu jambo hili. Saini yake ilisomeka herufi kwa herufi, na aliwasema wachezaji vijana wa timu yake, akiwamo Torii Hunter, waliokuwa wakichora mkwaruzo tu na kuuita saini. Hoja yake ilikuwa rahisi: anayekuomba saini anataka jina lako, kwa hiyo mpe jina linalosomeka.

Huku Katavi mchezo ni mpira wa miguu. Besiboli nchini bado changa. Wajapani ndio walioisukuma, na mwaka 2018 uwanja wake ukazinduliwa kwenye shule ya sekondari Azania, Dar es Salaam. Lakini kukusanya majina ya watu kwa mkono wao si jambo geni kwetu. Nani aliyemaliza darasa la saba au kidato cha nne bila kupitisha daftari la otografu darasani, kila rafiki akijaza ukurasa wake: jina kamili, chakula anachopenda, timu anayoshabikia, msemo wake wa maisha, na picha ya pasipoti iliyobandikwa kwa gundi pembeni? Nani wa umri wangu asiyekumbuka kadi za salamu za Radio Tanzania, ulizonunua dukani, ukajaza majina ya ndugu na jamaa kwa mwandiko wa kujitahidi, ukazitia posta na kukaa kando ya redio ukisubiri lako lisomwe?

Mji wetu wa Mpanda ulikuwa na sababu zaidi ya kupenda barua. Reli ya kutoka Kaliua, kilomita 210 za msitu wa miombo, ilifika hapa mwaka 1950 kwa ajili ya madini ya risasi ya Mukwamba. Mgodi ukafungwa mwaka 1960, reli ikabaki, na kwa miongo mingi treni ndiyo iliyoleta vifurushi, magazeti na wageni. Mchezaji wa Dar es Salaam ulimjua kwa sauti ya mtangazaji kwanza, sura yake ukaiona siku kadhaa baadaye kwenye gazeti lililokwisha kupita mikono mingi. Ukurasa wa michezo ulikatwa kwa wembe na kubandikwa ukutani kwa uji wa sembe. Mvua za masika zikiingia kupitia bati, ukuta ukilowa, mchwa wakafuata uji, na timu nzima ikaondoka.

Hapa Tanzania hatukuwa na kampuni ya kutuchapia kadi. Kitu kilichokaribia kadi kuliko vyote kilitoka serikalini: stempu. Mwaka 1982, Kombe la Dunia lilipochezwa Hispania, Tanzania ilitoa stempu za mashindano hayo, na moja ilibeba picha ya Jella Mtagwa, beki na nahodha wa Taifa Stars. Tanzania haikuwa imefuzu Kombe la Dunia, lakini beki wetu alisafiri kwenye bahasha za barua za mapenzi, za madai ya mishahara na za kuulizia ada ya shule. Ukiipata leo ikiwa bado kwenye kipande cha bahasha, usiibandue kwa kucha. Ilaze kwenye sahani yenye maji ya uvuguvugu mpaka gundi iachie yenyewe, uitoe kwa kibano, uikaushe kati ya karatasi mbili nyeupe chini ya kitabu kizito. Mhuri wa posta uliopita juu yake usikuudhi. Ndio unaosema ilipitia mji gani na mwaka gani. Na ukiuona mhuri wa Mpanda juu ya picha ya Mtagwa, usiiuze kwa bei yoyote.

Mtagwa na wenzake walistahili zaidi ya stempu moja. Bao la Peter Tino dhidi ya Zambia mjini Ndola mwaka 1979, mechi iliyoisha 1-1, ndilo lililoipeleka Taifa Stars kwenye fainali za Mataifa ya Afrika kwa mara ya kwanza. Lagos, Machi 1980, tulifungwa na Nigeria 3-1, bao letu likiwa la Juma Mkambi. Misri ikatufunga 2-1. Tukatoka sare ya 1-1 na Ivory Coast. Mabao yetu ya mechi hizo mbili za mwisho yote yalifungwa na Thuwein Ally. Golini kulikuwa na Juma Pondamali na Athumani Mambosasa. Kwenye ulinzi alikuwapo Leodegar Tenga, ambaye baadaye aliliongoza shirikisho la soka nchini, TFF. Ilichukua miaka 39 Tanzania kurudi kwenye fainali hizo, mwaka 2019 kule Misri. Kwa miaka hiyo yote kikosi cha Lagos kilikuwa kikosi pekee ambacho mtoto wa Tanzania angeweza kusema kilifika. Wengine kati yao wametangulia mbele ya haki. Ni wangapi kati yetu wana saini ya hata mmoja?

Linganisha na Hasheem Thabeet wa mpira wa kikapu. Kijana wa Dar es Salaam aliyesoma Makongo, akaenda Marekani, akang'ara chuo kikuu cha Connecticut, na mwaka 2009 Memphis Grizzlies ikamchagua wa pili kati ya wachezaji wote wapya wa NBA. Stephen Curry mwaka huo alichaguliwa wa saba. Kampuni za kadi zilimchapa Thabeet kwa wingi, nyingi zikiwa na saini yake, na hadi leo kadi hizo zinauzwa mtandaoni. Curry aliendelea kuwa Curry, na kadi zake za mwaka uleule ni mali. Za Thabeet hazigombaniwi, maana safari yake ya NBA iliishia 2014. Kwa hiyo Mtanzania anayetaka kadi halisi yenye saini ya Mtanzania anaweza kuipata bila kuuza ng'ombe. Ni kitu kizuri kuwa nacho.

Hata hivyo kuna jambo la kufahamu kuhusu saini za namna hiyo. Nyingi hutiwa kabla kadi haijakuwepo. Kampuni humpelekea mchezaji mpya karatasi zenye vibandiko vidogo vinavyong'aa, mamia kwa mamia, naye hukaa hotelini akisaini mfululizo. Kibandiko hubanduliwa baadaye kiwandani na kubandikwa kwenye kadi. Mkono ni wake kweli, lakini hakuwahi kuigusa kadi uliyonayo, wala hakujua itakwenda kwa nani. Mzee aliyejibu barua yako aliishika kadi yenyewe, akaitazama sura yake ya ujana, ndipo akaandika. Saini hizi mbili zikiwekwa mezani mimi nachukua ya pili, hata kama mnada utasema vingine.

Na hapo ndipo ninapoitazama Mpanda. Mji huu una wachezaji wastaafu wengi. Wapo Makanyagio, wapo Kashaulili, wapo mashambani wanalima mahindi na tumbaku, wapo wanaofundisha watoto bila mshahara. Jumamosi jioni baadhi yao huvaa viatu tena kwenye mabonanza ya maveterani, wakakimbia dakika 20 za kwanza kwa kasi ya zamani. Tatizo ni kwamba kumbukumbu zao zimetawanyika kuliko za wenzao wa mikoa mingine, na sababu yake ni ya kiutawala. Mpanda ilikuwa mkoa wa Tabora. Mwaka 1974 ikaingia mkoa mpya wa Rukwa. Mwaka 2012 ukazaliwa mkoa wa Katavi. Mchezaji wa hapa aliyeitwa kombaini ya mkoa kwa ajili ya Kombe la Taifa alivaa jezi ya Tabora au ya Rukwa, kutegemea umri wake. Ukimtafuta kwenye habari za zamani utamkuta mchezaji wa Rukwa, na anayesoma leo atafikiri ni mtu wa Sumbawanga. Katavi ina umri mdogo kuliko wachezaji wake. Hakuna kabati lolote la mkoa ambamo majina yao yangekuwa yamehifadhiwa tangu mwanzo.

Mtaa wa Majengo mzee mmoja mstaafu wa reli alinionyesha picha ya timu aliyoichezea ujanani. Ni picha ya studio ndogo, nyeusi na nyeupe, kingo zake zimekatwa kwa mawimbi kama ilivyokuwa desturi. Waliosimama wamekunja mikono kifuani, waliochuchumaa wameshika magoti, katikati kuna mpira ulioandikwa mwaka kwa chaki, tarakimu ya mwisho imefichwa na vidole vya mtu. Nikaigeuza. Nyuma, kwa kalamu ya bluu iliyokwisha kupauka, kila mmoja alikuwa ameandika jina lake mwenyewe. Wengine walisaini kwa jina la utani tu. Mmoja aliandika kwa herufi kubwa zilizotengana, mwandiko wa mtu aliyejifunza kusoma ukubwani, na nilimtazama huyo kwa muda mrefu kuliko wote. Mzee aliweza kunitajia kila sura: huyu alihamia Kigoma, huyu alifariki, huyu mtoto wake anaendesha bodaboda pale stendi. Bila mgongo ule wa picha na bila mzee mwenyewe, wale ni vijana wasiojulikana waliowahi kuvaa jezi zinazofanana.

Kwa hiyo nasema kadi tuzichape wenyewe. Kila mji sasa una duka la stationari lenye printa ya rangi. Picha ya mchezaji wa zamani, kama ipo, ipigwe upya kwa simu mchana kivulini, bila flashi, kisha ichapwe kwenye manila nyeupe kwa ukubwa wa kadi ya kliniki iliyokunjwa. Kama ya ujanani haipo, apigwe leo akiwa mzee. Uzee wake haupunguzi mabao yake. Nyuma iandikwe jina kamili, jina la utani, namba aliyocheza, timu zote na miaka anayoikumbuka mwenyewe, na mkoa kama ulivyoitwa wakati huo. Halafu mpelekee asaini mbele.

Kalamu ina mambo yake. Kwenye manila ya kawaida kalamu ya wino inafaa, ingawa bluu hupauka haraka ikiachwa juani. Nyeusi hudumu zaidi. Kwenye karatasi ya picha inayong'aa wino hautulii, hukusanyika matone matone na kidole kikipita unakokotwa. Wakusanyaji wa Marekani hupaka juu ya kadi poda ya mtoto kidogo sana kwa pamba, au huisugua taratibu kwa kifutio, kuondoa ule utelezi kabla haijasainiwa, kisha hutumia maka peni yenye ncha nyembamba. Nimejaribu kwa poda ya dukani, na wino ukashika. Acha kadi ilale wazi mpaka ikauke kabisa.

Na tafadhali, usiipige leminesheni. Najua tunavyopenda kuleminisha: vyeti vya kuzaliwa, vya shule, hata picha ya harusi. Joto la mashine huweza kuuyeyusha wino, na plastiki ikishashika haitoki tena bila kuichana karatasi. Mfuko wa plastiki wa wazi unaotosha kadi moja ni bora mara nyingi. Albamu ikae kwenye sanduku la bati lililoinuliwa kutoka sakafuni, mbali na ukuta, hasa kati ya Novemba na Aprili. Mchwa wa Mpanda hawachagui kati ya daftari na mbao.

Kuna atakayeuliza tutajuaje saini si ya kughushi. Swali hilo Marekani lilikuwa kubwa kiasi kwamba miaka ya 1990 FBI iliendesha operesheni dhidi ya mitandao iliyouza mipira na kadi zenye saini za uongo, na watu wakafungwa. Kwetu, saini ya beki wa Mpanda wa miaka ya 1970 haina bei ya kumshawishi mwizi, lakini uaminifu ujengwe tangu sasa. Piga picha ya mzee akiwa anasaini. Andika tarehe, mtaa na jina la aliyekuwapo. Mjukuu akiwepo ndiye shahidi bora, kwa kuwa ataishi muda mrefu na atakumbuka siku ambayo mgeni alikuja kumwomba babu yake jina.

Suala la malipo lisikwepwe. Nyota wa besiboli waliocheza kabla ya katikati ya miaka ya 1970 hawakuwa na uhuru wa kuhama timu wanavyotaka, na wengi walistaafu na mshahara mdogo. Maonyesho ya kadi yaliposhamiri miaka ya 1980, saini ikawa kipato chao cha uzeeni. Wachezaji wetu wa kizazi hicho walicheza soka ya ridhaa. Waliajiriwa na mashirika, wakacheza kwa ajili ya Reli, Bandari, hata Sigara, timu ya kiwanda cha Chang'ombe, na mashirika yalipobinafsishwa au kufa, timu zikafa pamoja nayo na mchezaji akarudi kwao na begi moja. Mtu kama huyo usimfuate mikono mitupu ukamwacha na ahsante. Mpe nakala za kadi yake kadiri atakavyotaka, azigawe kwa watoto wake. Mpe na chochote mfukoni, kwa heshima, baada ya shikamoo na baada ya chai, na usikiite malipo ya saini kama hataki kiitwe hivyo. Chama cha mpira cha mkoa na halmashauri wanaweza kuifanya iwe siku maalumu pale uwanja wa Azimio, kadi zikauzwa na fedha zikaenda kwa wazee wenyewe. Kama hawatafanya, shule moja ya sekondari yenye mwalimu wa michezo anayejali inatosha kuanza.

Mimi nimeanza na walinda milango. Kwenye picha za zamani huwa wamesimama pembeni na sweta lao la rangi tofauti, na majina yao ndiyo ya kwanza kusahaulika; washambuliaji bado wana watu kijiweni wa kuwasimulia mabao yao.